Wimbo Uliotoka Jikoni

"Dada, niwekee ule wimbo ya mama mwenye kuimbia mutoto."

Aliyesema hivyo alikuwa dereva wa pikipiki. Koti la mvua lilimning'inia mabegani ingawa jua lilikuwa kali, na kati ya vidole viwili alishika kadi ndogo ya kumbukumbu ya simu. Mbelu aliinua macho kutoka kwenye mashine ya fotokopi.

"Wimbo gani?" aliuliza, ingawa alijua vizuri sana.

"Ule wa hapa kwetu. Mama iko anatwanga sombe, kisha anaanza kulia, kisha anaimba. Kuna mwanamuziki ameweka gita ndani. Kila pikipiki ya Kindu iko nao, nimebaki miye tu."

"Sina huo."

"Huna? Na wanasema video yenyewe ilitoka kwa dada mwenye sekretaria karibu na stesheni." Yule mwanamume alichungulia ndani, akaitazama kompyuta, kisha akamtazama Mbelu kwa macho mengine kabisa. "Si weye?"

Nyuma ya dereva alikuwa amesimama mtu mwingine, kimya, na mtu huyo alikuwa amesikia kila neno.

Alikuwa Sumaili, mchumba wake.

Siku tisa walikuwa hawajaonana, wao waliozoea kuonana kila jioni. Sumaili alikuwa fundi wa injini za boti ng'ambo ya mto, Alunguli, na hata akinawa namna gani mikono yake haikuacha kunuka petroli, harufu ambayo Mbelu aliipenda kuliko manukato yote ya sokoni. Leo uso wake ulikuwa umekonda. Ndevu zilikuwa zimeota ovyo. Macho yake, ambayo siku zote yalikuwa yakicheka kabla ya mdomo kucheka, yalitua kwenye kisanduku cha kadi za simu juu ya meza, yakabaki hapo.

Dereva wa pikipiki aliona hali ya hewa imebadilika, akajiondokea.

"Mama anakuita," Sumaili alisema.

"Leo?"

"Sasa hivi. Jana wajomba walikaa. Walitaka kuvunja maneno yetu ya ndoa, wasije tena kwa baba yako kujitambulisha. Nikasimama mbele yao nikakutetea. Niliwaambia vile ulivyoniambia. Kwamba Mama mwenyewe alikubali kupigwa picha, akakubali iwekwe mtandaoni, halafu amesahau. Kwamba uchungu umemchanganya kichwa."

"Na Mama alisema nini?"

"Hakusema kitu. Alinitazama tu. Kisha akasema, niitie huyo mutoto."

Mbelu alishika ukingo wa meza. Alihisi kama mtu aliyevuliwa nguo katikati ya soko.

"Ngoja nichukue mkoba," alisema, akapitia mlango wa nyuma.

Kwa miaka minne katika sekretaria ile, Mbelu alikuwa akipiga chapa barua za watu, akitoa fotokopi, na kujaza nyimbo na filamu kwenye kadi za simu. Hakuwahi kujiuliza hata siku moja mwenye wimbo ni nani, wala kama aliombwa. Wimbo ulikuwa kitu kilichookotwa, kama embe njiani. Baadaye alifungua ukurasa wake mwenyewe mtandaoni, akaanza kuweka video za Kindu: mashua zikishusha mizigo, wanawake wakisuka, mapishi ya huku. Watu hamsini walitazama, pengine sitini. Ndipo alipomwomba mama yake Sumaili amruhusu kumpiga picha akitwanga sombe, majani ya muhogo, na Mama Safia, ambaye alikwisha kumpenda kama binti yake wa kumzaa, alicheka akakubali.

Sombe tu. Hicho ndicho alichokubali.

Siku ile, simu ikiwa imeegemezwa kwenye ndoo ya maji, Mama Safia alitwanga akizungumza juu ya chumvi na mawese. Halafu taratibu mchi ukapungua kasi. Akauweka pembeni. "Zima kwanza iyo telefone, mutoto yangu. Ninataka kukuambia neno." Mbelu alinyoosha kidole akagusa kioo, lakini aligusa pembeni, mahali pasipo na kitu. "Nimezima, Mama."

Hakuna aliyemlazimisha. Mpaka leo hakuweza kujieleza kwa nini alifanya vile, isipokuwa kwamba aliuona uso wa yule mama umebadilika, na tamaa ikamshika ya kutokuupoteza uso ule.

Na Mama Safia alisema. Alisimulia mwaka elfu mbili na mbili, wakati wa vita, mji ulipofungwa pande zote na watu kufa njaa huku mashamba yao yako kilometa chache tu. Mumewe alikuwa amelala mgonjwa. Sumaili alikuwa na miaka sita, siku mbili hajala. Mama Safia alimfunga mgongoni binti yake mdogo, Mamy, aliyekuwa na homa, akaenda shambani kuchuma majani ya muhogo. Wakati wa kurudi, askari wa kwenye bariere, kizuizi cha njiani, walimsimamisha. Mmoja wao alimtambua: huyu njo yule mwanamke mwenye kuimba kwenye arusi. Basi aimbe. Akiimba vizuri atapita na majani yake. Akaimba. Wakacheka, wakapiga makofi, wakataka wimbo mwingine, na mwingine. Katikati ya wimbo wa tatu alihisi mgongoni Mamy ametulia kabisa.

"Nilijua," Mama Safia alisema jikoni. "Mama anajua. Na nikaendelea kuimba. Kama ningenyamaza, wangeninyang'anya majani, na mwingine alikuwa ananingoja nyumbani."

Akaenda mpaka nyumbani na mtoto mgongoni, na njiani akamtungia wimbo. Kwa mume wake alisema Mamy amefia shambani, usingizini. Mume alikufa miaka ileile akiamini hivyo. Sumaili naye alikua akiamini hivyo. Na pale jikoni, kwa mara ya kwanza mbele ya mtu, Mama Safia aliuimba ule wimbo: *Lala Mamy, lala, njia bado ndefu, nikifika nitakushusha.*

Siku kumi na sita Mbelu alikaa na ile video ndani ya simu. Siku ya kumi na saba aliona ukurasa wa msichana mmoja wa kusuka nywele umetazamwa na watu elfu nane. Akajiambia kwamba ulimwengu ukimsikia Mama Safia utamheshimu. Akabonyeza.

Watu laki tatu walitazama katika siku nne. Wengine walilia. Wengine waliandika: mwanamke wa askari. Wengine waliuliza ni mama gani huyo anaimba na maiti mgongoni. Mbelu alipoifuta, ukurasa mwingine ulikuwa umeshaikata na kuiweka upya, na mwanamuziki mmoja wa mji wa mbali alikuwa ameichukua sauti peke yake, akaipigia gita, akaandika juu jina lake yeye.

Barazani nyuma ya sekretaria, baba yake, Papa Tshimpaka, alikuwa ameketi kwenye kiti chake cha mbao, kofia ya zamani ya reli magotini. Alikuwa amekuja Kindu kutoka Kasai akiwa kijana, akaendesha treni miaka thelathini, na kwa miaka miwili alikuwa amemkatalia Sumaili mlango wake kabla ya kukubali.

"Huyo kijana yuko pale mbele?" aliuliza.

"Ndiyo, Papa. Mama yake ananiita."

Mzee alimtazama bintiye.

"Mbelu, nikuulize neno moja, na usinijibu haraka. Yule mama alikubali?"

Mbelu alifungua mdomo. Uongo ule aliokuwa ameusema kwa urahisi siku tisa zilizopita leo ulikataa kutoka. Akatikisa kichwa.

Papa Tshimpaka alifumba macho.

"Miaka miwili nilisema watu wale hawatufai. Si watu wa kwetu, hawajui desturi yetu, nitasema nini kwa ndugu zangu wa Kananga. Unakumbuka?"

"Ninakumbuka, Papa."

"Kumbe ni sisi njo hatuwafai." Alisema polepole, bila kukasirika, na hilo lilimuumiza Mbelu kuliko kofi. "Mama yako alikufa na maneno yake moyoni. Kama muntu angeyachukua akayatembeza sokoni, ningemfanya nini? Nenda, mutoto yangu. Lakini usivuke mto na huo uongo. Mwambie kijana kabla hamujafika."

Walishuka pamoja kuelekea mtoni bila kusemezana. Siku nyingine Sumaili angekuwa anamtania, anamsimulia injini iliyomkataa asubuhi nzima kisha ikawaka kwa kupigwa teke. Leo alitembea hatua moja mbele. Mbelu alimtazama shingo, alitazama kola ya shati ambayo yeye mwenyewe alimnunulia, na kila hatua ilimwongezea uzito kifuani. Walipofika karibu na mitumbwi, pale wanawake wanapoanikia samaki, alisimama.

"Sumaili."

"Twende. Mtumbwi unajaa."

"Mama hakusahau."

Sumaili aligeuka.

"Unasema nini?"

"Mama hakukubali. Aliniambia nizime. Alisema, zima iyo telefone, nataka kukuambia neno. Nikamwambia nimezima." Machozi yalikuwa yakimtoka lakini hakuyafuta, aliona hana haki ya kuyafuta. "Sikuzima. Nilijua sikuzima. Na siku nilipoiweka mtandaoni sikumuuliza, kwa sababu nilijua atasema hapana."

Kelele za wachuuzi ziliendelea pande zote. Mwanamke mmoja aliwapita na beseni kichwani, akasema pardon, na Sumaili akasogea kumpisha kama mtu aliye ndotoni.

"Kwa hiyo mama yangu alikuwa anasema kweli."

"Ndiyo."

"Siku ya kwanza alinambia, mwanangu, nilimwambia azime. Nikamjibu, Mama umesahau. Siku ya pili akanambia tena. Nikamjibu, Mama, weye umechoka, kichwa chako hakijatulia. Siku ya tatu akanyamaza. Jana mbele ya ndugu zake, Mbelu! Wanaume watano! Nilisimama nikasema mama yangu hajui anachosema. Kwa ajili yako!"

"Nisamehe."

"Unajua ile sombe ilikwenda wapi? Ile ya ile siku?" Alijipiga kifuani. "Niliikula miye. Miaka sita nilikuwa nayo, na ninakumbuka utamu wake. Nimeishi na huo utamu, sikujua umetoka wapi. Nimekuja kujua kwenye simu ya muntu, kwenye karakana, na kijana wa petroli anaangalia juu ya bega langu anasema, fundi, si huyu mama yako?"

Mbelu alitaka kumshika mkono. Sumaili alirudi nyuma nusu hatua. Ilikuwa nusu hatua tu, lakini Mbelu aliiona kama mto mzima.

"Ungeniambia siku ya kwanza," Sumaili alisema, sauti imeshuka. "Ningekasirika. Ningepiga kelele. Lakini ningekuwa bado ninakujua weye ni nani."

"Niliogopa kukupoteza."

"Basi ukaona heri mama yangu apotee."

Ilikuwa kweli, na hakuna mtu aliyewahi kumwambia Mbelu kweli kubwa namna ile kwa sauti ndogo namna ile.

Walivuka katika mtumbwi mmoja. Sumaili alikaa mbele kabisa, mgongo amempa. Maji ya Lualaba yalikuwa mengi na ya rangi ya udongo, na mpiga kasia, asiyejua lolote, alikuwa akipiga mluzi. Mbelu aliutambua wimbo kabla hawajafika katikati. Hakuthubutu kumwambia anyamaze. Alimwona Sumaili akiinamisha kichwa, mikono yake yote miwili masikioni.

Nyumba ya Mama Safia ilikuwa imefungwa madirisha mchana mweupe. Mama aliyekuwa hakosi kibanda chake cha mawese sokoni hata akiwa na malaria alikuwa ameketi mkekani, kitambaa kimevutwa mpaka kwenye nyusi. Alikuwa na miaka hamsini na miwili tu, lakini kwa siku tisa alikuwa amezeeka. Mbelu alipiga magoti mlangoni. Hakuingia.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Ingia, usikae juani."

Upole wa sauti ile ulimvunja. Alitambaa mpaka kwenye ukingo wa mkeka.

Kabla hajasema kitu Sumaili alipita, akapiga magoti pembeni yake, kichwa chini.

"Mama, ulisema kweli. Ulimwambia azime. Amenambia mwenyewe, pale mtoni. Nilikuita msahaulifu mbele ya wajomba. Nitakwenda kwa kila mmoja wao, nyumba kwa nyumba, niseme nilikosa. Lakini nimeanza kwako."

Mama Safia alimwekea mkono kichwani, akauacha hapo.

"Haukujua."

"Nilipaswa kukuamini."

"Ulikuwa unapenda. Muntu mwenye kupenda anaamini pale anapopenda." Alipumua. "Toka kidogo nje, mwanangu. Maneno ya huyu ni ya wanawake."

Sumaili alitoka, lakini kivuli chake kilibaki kwenye kizingiti.

"Watoto wa bombani wanauimba," Mama Safia alianza, kana kwamba anasimulia habari za jirani. "Asubuhi, wakichota maji. Wanaruka kamba nao. Na wanaukosea. Wanasema, nikifika nitakushika. Si nitakushika. Ni nitakushusha. Nilitaka kutoka niwaambie, nikashindwa kufungua mlango."

"Mama, nimekosa. Nilikudanganya machoni pako. Nikamdanganya Sumaili. Sina cha kujitetea."

"Nilikuambia lile neno kwa nini? Ulijiuliza?"

"Hapana, Mama."

"Miaka ishirini na mbili sikumwambia muntu. Hata mume wangu. Nikakuona weye, unakuja kuwa mutoto ya nyumba hii, unanisaidia na kinu bila kuombwa. Nikasema, nikifa, basi awe muntu mmoja anajua Mamy alikufa namna gani. Muntu mmoja tu, ili asikufe mara ya pili. Nilikupa weye, Mbelu. Sikukupa watu."

Mbelu alilia mpaka paji la uso likagusa mkeka. Hakuomba kunyanyuliwa, na Mama Safia hakumnyanyua. Nje, kivuli cha kizingitini kilitikisika.

Baada ya muda mrefu Mbelu alijifuta kwa kitenge, akatoa simu mkobani, akaiweka chini kati yao kama mtu anayeweka kisu.

"Mama, ninataka kujaribu kuiondoa. Kwa wale walioiiba tena. Ninasoma fomu za wenye mtandao toka juzi."

"Fomu inasema nini?"

"Kwa ile video, inaniambia niape kwamba mimi njo mwenye mali. Kwa sababu niliipiga mimi, wanasema ni yangu."

Mama Safia alicheka, kicheko kikavu.

"Yako! Na mwenye uso?"

"Mwenye uso iko na fomu yake, ya kusema sikukubali uso wangu uonekane. Hiyo pia nimeileta."

"Na mwenye wimbo?"

Hapa ndipo Mbelu alipokuwa akiogopa kufika.

"Mwenye wimbo ni weye. Yule mwanamuziki hakuchukua picha, alichukua sauti na maneno. Hayo miye siwezi kuyadai, ningekuwa ninaiba mara ya pili. Ni weye tu. Lakini wanataka jina lako lote, na jina hilo atapelekewa yeye. Anaweza kulitangaza. Mpaka leo watu wanajua uso wako, wengi hawajui jina. Ukiandika, watajua."

"Na nisipoandika?"

"Wimbo utabaki wa kwake."

Mtaani redio ilikuwa ikitangaza misiba. Mbelu alisubiri, na katika kusubiri kule alitamani kusema, acha Mama, tuache, nitafute njia nyingine. Aliuma ulimi. Kuamua kulikuwa kwa yule mama. Yeye alikwisha kumwamulia mara moja.

"Anaweka jina lake juu ya mutoto yangu," Mama Safia alisema mwishowe. "Muntu sijui hata sura yake." Aliutoa mkono chini ya kitenge, akavuta kitambaa nyuma, uso wake wote ukaonekana. "Andika. Safia Amisi."

Mbelu alizitafuta herufi.

"Wanauliza jina la wimbo."

"Hauna jina. Niliuimba njiani, nani angeupa jina?" Alifikiri. "Andika Mamy. Hakuandikwa popote, hata kwenye cheti. Andika vizuri, usikosee."

"M, a, m, y."

"Nionyeshe."

Mbelu aligeuza simu. Mama Safia hakusoma haraka. Alipitisha ukucha chini ya herufi moja moja.

"Wanauliza ulitungwa mwaka gani."

"Elfu mbili na mbili. Mwezi wa tisa. Ilikuwa saa za alasiri."

"Saa hawaulizi, Mama."

"Miye ninakuambia weye."

Kisha akabonyeza mwenyewe, kwa kidole gumba, kwa nguvu, kama mtu anayetia alama kwenye kadi ya kura. Kioo kiligeuka cheupe.

"Video imekufa?"

Lingekuwa jambo rahisi kusema ndiyo. Mbelu aliona jinsi neno hilo lingemlaza yule mama usingizi.

"Hapana, Mama. Wakikubali, itatoka kwa yule mwanamuziki, na kwa ule ukurasa. Lakini iko ndani ya simu za watu. Kadi kwa kadi. Hiyo sitaweza kuitoa, hata nikizunguka Kindu nzima. Nitazunguka, nitawaomba waifute. Wengine watakataa."

Mama Safia alitikisa kichwa polepole.

"Leo haukunidanganya," alisema. Halikuwa neno la msamaha, na Mbelu hakulipokea hivyo. "Mambo ya ndoa usiniulize. Mwenyewe yuko mlangoni anasikiliza, anadhani simuoni. Sumaili! Msindikize mutoto ya watu mpaka mtoni."

Jua lilikuwa limeinama kidogo. Watu wa Alunguli waliwatazama wakipita, wengine walinong'ona. Sumaili alitembea sambamba na Mbelu safari hii, lakini kwa umbali wa mkono mmoja.

"Kesho nitakwenda kwa wajomba," alisema.

"Waambie yote. Usifiche kosa langu."

"Watakataa."

"Najua."

"Mjomba mkubwa hatataka hata kusikia jina lako."

"Ana haki." Mbelu alijikaza. "Na weye?"

Sumaili alisimama. Kwa mara ya kwanza tangu asubuhi alimtazama machoni. Mbelu aliona mle ndani upendo ungalipo, mzima, na aliona pia kwamba haujui ukae wapi. Ingalikuwa nafuu kuona chuki.

"Kila nikifumba macho," Sumaili alisema, "ninaona kile kidole chako kinagusa simu. Mama anakuamini, na kidole chako kinagusa pembeni. Siwezi kukuambia ndiyo na kile kidole kiko kati yetu. Siwezi kukuambia hapana. Nimejaribu njia nzima, toka kule mpaka hapa. Neno halitoki."

"Nitangoja."

"Usingoje."

"Sina kazi ingine, Sumaili. Nitazunguka niombe watu wafute, na nitangoja."

Mtumbwi ulikuwa tayari, abiria wanne wamekwisha kaa, maji yakiusukasuka. Siku zote, toka siku ya kwanza walipovuka pamoja, Sumaili alikuwa akimpa mkono wakati wa kupanda, akikawia kuuachia, mpaka mpiga kasia awagombeze. Mbelu alisimama ukingoni, mkono wake ukinyanyuka wenyewe kwa mazoea. Aliushusha haraka, akaona aibu mbele ya wale abiria.

Sumaili hakumpa mkono. Aliingia majini na viatu vyake, akaushika ukingo wa mtumbwi kwa mikono yote miwili, akaukaza usitikisike.

"Panda," alisema, akitazama pembeni.

Mbelu alipanda, akakaa. Hata alipokwisha kukaa vizuri, ule mtumbwi haukuondoka.

"Fundi, achia basi!" mpiga kasia alipaza sauti. "Watu wanataka kufika kwao."

Sumaili hakuachia.